Ngitili za Shinyanga: siku ya kufunga na siku ya kufungua

Mvua za kwanza zikishanyesha, mwezi wa Novemba hivi, mfugaji wa Kisukuma hutenga kipande cha malisho karibu na kaya yake na kukifunga. Hajengi ukuta wala havuti seng'enge; majirani wanajua tu kwamba pale pamefungwa. Nyasi huota, hukomaa, hukauka zikiwa zimesimama. Wakati huo ng'ombe hula kwingine, kwanza mbugani, kisha kwenye mabua mashambani baada ya mavuno. Mabua yakiisha, Julai au Agosti, kile kipande hufunguliwa, tena kwa mafungu, upande huu kabla ya ule. Wanaotangulizwa ni ndama, wagonjwa, na maksai watakaovuta plau mvua zikirudi. Hiyo ndiyo ngitili.

Naanza na utaratibu huu, kabla ya kutaja mradi wowote, kwa sababu kisa cha Shinyanga kimezoeleka kusimuliwa hivi: palikuwa na jangwa, ukaja mradi, ukarudi msitu. Masimulizi hayo yanatuacha na msitu mikononi bila kujua ulitokana na nini. Miti ya Shinyanga ilirudi ikifuata nyuma ya malisho. Watu walikuwa wakihifadhi nyasi za kiangazi, na ndani ya nyasi hizo mti ukapata nafasi. Utaratibu wenyewe una nusu mbili, kufunga na kufungua, na nusu ya pili ndiyo iliyowafanya watu waiheshimu ya kwanza. Hifadhi nyingi tulizozoea zina siku ya kufungwa tu.

Nchi ilivyobaki tupu

Shinyanga ninayoizungumzia ni ile ya zamani, iliyoenea hadi Bariadi, Maswa, Meatu na Bukombe kabla mikoa ya Simiyu na Geita haijaanzishwa mwaka 2012. Ilikuwa nchi ya miombo na migunga, yenye mvua za milimita 600 hadi 800 kwa mwaka, mvua ambazo mwaka huu huja na mwaka ujao hukatika katikati ya msimu.

Lawama ya kupotea kwa miti imebebeshwa ng'ombe kwa muda mrefu. Ng'ombe wana sehemu yao, lakini hawakuanza wao. Katika miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilianza kufyeka mapori ili kummaliza mbung'o. Aliyeongoza vita hiyo ni Charles Swynnerton, na Shinyanga ikawa kituo chake kikuu cha utafiti. Kila kiangazi maelfu ya watu walitolewa na watemi wao kwenda kukata vichaka, mbung'o akose kivuli cha kujificha. Malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe, magonjwa anayoyaeneza mbung'o, yalikuwa balaa la kweli, na ardhi iliyofyekwa ilifungua malisho mapya, kwa hiyo siwezi kusema kazi ile haikuwa na maana. Ila hesabu ya kuni, ya fito na ya udongo utakaochukuliwa na maji haikupigwa.

Ikafuata pamba. Baada ya vita kuu ya pili, wakulima wa Usukuma walipanua mashamba kwa kasi, na fedha ya pamba ilinunua ng'ombe, kwa kuwa ng'ombe ndiye akiba ya familia, mahari yake na bima yake mwaka wa njaa. Mashamba na mifugo vikaongezeka pamoja juu ya ardhi ile ile. Serikali ya kikoloni iliona uharibifu ikajibu kwa amri: punguza mifugo, lima kwa matuta, fanya hivi, usifanye vile. Amri hizo zilichukiwa sana, na chuki hiyo iliupa nguvu upinzani wa kisiasa katika Kanda ya Ziwa miaka ya 1950. Kumbukumbu yake haikuisha na uhuru. Ofisa aliyekuja baadaye kuzungumzia udongo na mifugo alikuta wazee waliokwisha kuzisikia hotuba hizo kutoka kwa bwana shamba wa mkoloni.

Pigo ambalo mimi naliona kuwa kubwa kuliko yote lilikuja na Operesheni Vijiji, kati ya mwaka 1973 na 1976. Familia zilihamishwa kutoka kwenye kaya zilizotawanyika na kukusanywa vijijini. Nia ilikuwa kuwafikishia shule, zahanati na maji. Lakini ngitili hulindwa kwa macho: mwenye nayo huiona kutoka uwanjani kwake, na mchungaji akipitisha ng'ombe pale, kuna mtu wa kumuuliza. Familia ilipohama, ngitili ilibaki nyuma haina mwenyewe. Ikawa ya wote, na kwa maana hiyo ikawa ya aliyewahi. Wakati huohuo kijiji kipya kilihitaji miti ya kujengea na kuni za mamia ya mafiga yaliyowekwa mahali pamoja, na duara la ardhi tupu likapanuka kukizunguka.

Katikati ya miaka ya 1980, Mwalimu Nyerere aliuita mkoa huo jangwa la Tanzania.

Mradi uliobadilisha mawazo yake

Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambayo kila mtu huiita HASHI, ilianza mwaka 1986 chini ya serikali, kwa fedha za Norway, na baadaye ikashirikiana na kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo mseto, ICRAF. Ilifikia tamati mwaka 2004. Miaka 18 ni mirefu kwa mradi wa maendeleo, na urefu huo ni sehemu ya jibu: mradi wa miaka mitatu ungefungwa kabla ya kujua kwamba umekosea.

Maana ulianza na kile ambacho miradi ya misitu ilikuwa imezoea, yaani vitalu na miche, mingi yake ya kigeni. Tatizo la mche Shinyanga halihitaji elimu kubwa kulielewa. Mche unataka maji mwezi wa Septemba, na mwezi wa Septemba mama wa nyumbani anatembea mbali kutafuta ndoo moja. Mche unataka ulinzi dhidi ya mbuzi. Halafu mche uliogawiwa na serikali, mtu huuona ni wa serikali, na hofu ya kwamba ardhi uliyopandwa nayo itafuata mkondo huohuo haikuwa ya kijinga, ukikumbuka yaliyotokea miaka kumi tu nyuma.

Wataalamu wa HASHI walipoanza kuuliza badala ya kuelekeza, waliambiwa habari za ngitili. Zilizokuwa zimeandikwa mwaka 1986 zilikuwa hekta 600 hivi kwa mkoa mzima. Hapo wakagundua jambo ambalo wafugaji walilijua: ardhi ile haikuwa imekufa, ilikuwa imenyimwa kupumzika. Chini ya udongo mtupu kulikuwa na visiki na mizizi ya migunga na miombo iliyokatwa miaka mingi. Kila chipukizi lilipotokeza, mbuzi alilikata. Ukifunga eneo kwa misimu michache, kisiki kile kile hutoa machipukizi yenye nguvu kuliko mche wowote, kwa sababu yanalishwa na mizizi ya mti mzima. Gharama yake ni uvumilivu na makubaliano.

Mradi haukuacha kupanda. Miti ya mipakani, bustani za miti kando ya mashamba na vitalu vya shule na vikundi viliendelea. Lakini uzito ulihamia kwenye kuacha kuota. Kwa ofisa aliyesomea misitu hilo si badiliko dogo. Idadi ya miche iliyopandwa huhesabika kwenye ripoti, ilhali eneo lililoachwa linataka mtu arudi kuliangalia baada ya miaka mitano.

Nani alisema pafungwe

Uchambuzi mwingi hupita haraka mahali hapa kwa kusema "jamii ilishirikishwa". Neno hilo linaficha ubishani wenyewe, kwa sababu jamii haikuwa na sauti moja wala chombo kimoja.

Kisheria, mwenye mamlaka ni serikali ya kijiji: mkutano mkuu wa kijiji na halmashauri yake yenye wajumbe kati ya 15 na 25. Kijiji kinaweza kutunga sheria ndogo, na halmashauri ya wilaya ikizipitisha, zina nguvu mahakamani. Kimila, kuna dagashida, kusanyiko ambalo hukaa kusikiliza mashauri, kukubaliana kanuni na kuamua adhabu. Na kuna sungusungu, walinzi wa jadi waliochipuka Shinyanga na Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wizi wa ng'ombe, hata serikali ikaamua kuwatambua kisheria mwaka 1989 badala ya kuendelea kubishana nao.

HASHI haikuchagua kimoja na kukiacha kingine. Kanuni za ngitili zilijadiliwa kwenye dagashida, zikapelekwa serikali ya kijiji kuwa sheria ndogo, na sungusungu wakasaidia kuzisimamia. Faini ya kuingiza ng'ombe kwenye ngitili iliyofungwa ilikuwa na uzito kwa sababu ilitolewa na watu ambao kesho utahitaji wakufuate porini ng'ombe wako wakiibwa. Bwana misitu mmoja mwenye pikipiki moja hawezi kuleta hilo kwa vijiji ishirini.

Sitaki kuupamba mpango huu. Sungusungu wa miaka hiyo walikuwa na upande wao mwingine: viboko, kutengwa kwa watu, na tuhuma za uchawi zilizowaangukia hasa wanawake wazee. Dagashida nayo ilikuwa baraza la wanaume. Ukiukabidhi uhifadhi kwa chombo cha mila, unachukua pia mizani yake ya nani anasikika. Serikali ya kijiji, pamoja na uzembe wake wote, ina jambo ambalo mila haikuwa nalo: sehemu ya viti vya halmashauri imetengwa kisheria kwa wanawake. Kwa hiyo kuwepo kwa vyombo viwili, jambo ambalo watu wengi hulitaja kama mkanganyiko, mimi naliona kuwa ndilo lililookoa hali. Kimoja kilileta utii, kingine kikaacha mlango wa rufaa.

Hekta na shilingi

Hadi mradi unafungwa, ngitili zilikuwa zimeenea katika vijiji 833, na makadirio ya eneo lake yalikuwa kati ya hekta 300,000 na 500,000. Takwimu inayorudiwa zaidi ni 350,000. Tahadhari moja ni lazima. Zile hekta 600 za mwanzo zilikuwa zilizoandikwa, na si ajabu kwamba wengi walikuwa na vipande vyao visivyojulikana na ofisi yoyote. Sehemu ya ongezeko ni ya miti, sehemu nyingine ni ya watu walioacha kuogopa kusema wanacho nini. Hiyo ya pili nayo naihesabu kuwa mafanikio.

Utafiti ulioongozwa na Profesa Gerald Monela wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, uliochapishwa mwaka 2005 na Wizara ya Maliasili na Utalii pamoja na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, ulipiga hesabu ya vinavyotoka ndani ya ngitili: kuni, miti ya kujengea, nyasi za kuezekea, malisho, asali, dawa, matunda pori, maji. Jibu lilikuwa dola 14 kwa mtu kwa mwezi, wakati matumizi ya wastani ya mtu wa kijijini Tanzania yalikuwa dola 8.50. Wanawake walipunguziwa saa kadhaa za kutafuta kuni. Ndege na wanyama wadogo walirudi, na pamoja nao wakaja waharibifu wa mazao. Hasara hiyo ilipimwa pia, ikaonekana kuwa ndogo mbele ya faida.

Takwimu ya dola 14 ninaipenda na ninaiogopa. Ninaipenda kwa kuwa inamjibu ofisa mipango anayedhani pori ni ardhi isiyotumika. Ninaiogopa kwa kuwa ni wastani, na wastani una tabia ya kumgawia maskini mali ya jirani yake.

Wasio na ngitili

Ngitili ziko za namna mbili. Za pamoja, zinazosimamiwa na kijiji, shule au kikundi, ni chache lakini kubwa. Za kaya ni maelfu kwa maelfu, na nyingi ni vipande vya hekta chache. Kwa idadi, ngitili ni mali ya familia, na ukubwa wake hufuata ukubwa wa ardhi na wa zizi.

Fikiria sasa anayekosa vyote viwili. Kabla ya kufungwa, ardhi tupu ilimpa kidogo, lakini alikiokota bila ruhusa: kijiti, kinyesi cha ng'ombe cha kuwashia moto, mahali pa kuswaga mbuzi watatu. Ardhi ilipofungwa ikawa tajiri, na utajiri una mwenyewe. Malisho yakaanza kuuzwa. Mwenye ng'ombe wachache asiye na ngitili hulipia kiangazi ambacho zamani alikipita kwa kuhangaika tu. Mahali ambapo kijiji hakikuwa macho, wenye uwezo walimega ardhi ya pamoja na kuiita yao, na baada ya misimu mitatu ya kufunga ni nani atakayewaambia si yao, ikiwa majani yale yameota kwa ulinzi wao?

Hapo hifadhi na unyang'anyi wa ardhi huonekana sawa kabisa kwa mtu anayepita barabarani. Vyote viwili ni pori zuri lililofungwa. Tofauti iko kwenye kumbukumbu za kikao.

Kwa wanawake jambo hili lina uchungu wa pekee. Katika mila ya Kisukuma ardhi hufuata ukoo wa baba, na mjane au binti hukaa juu ya ardhi kwa hisani ya ndugu wa kiume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi. Kifungu cha 20 kinasema hivyo waziwazi. Lakini anayechota kuni na kukata nyasi ndani ya ngitili kila siku mara nyingi ni mwanamke, na anayeitwa mwenye ngitili ni mwanamume. Ngitili ikikatwa mkaa kwa uamuzi wa mwanamume mmoja mwenye shida ya fedha, saa zile za kuni humrudia mwanamke.

Za pamoja zingeweza kuwa kinga ya watu hawa, na mahali pengine zimekuwa. Fedha ya kukodisha malisho au kuuza miti ya kujengea imejenga madarasa na kusaidia shughuli za kijiji. Ugumu wake ni karatasi. Kijiji kinahitaji cheti cha ardhi ya kijiji, mpango wa matumizi ya ardhi, na chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 kinaweza kutangaza msitu wa hifadhi wa kijiji, kikawa na mpango wa usimamizi na kubaki na mapato yake. Kwenye karatasi hii ni sheria nzuri, na Tanzania inastahili sifa kwa kuitunga. Lakini upimaji una gharama, wilaya ina foleni, na wazee huuliza swali ambalo halijawahi kujibiwa vizuri: tukiandikisha, mtakuja kuichukua? Anayelicheka swali hilo hajakaa na mtu aliyehamishwa mwaka 1974.

Ng'ombe walioondoka

Kuna sehemu ya kisa ambayo haimo ndani ya mipaka ya Shinyanga, na bila hiyo hesabu haijakamilika. Miaka ileile ambayo migunga ilikuwa ikirudi, wafugaji wa Kisukuma walikuwa wakihama na makundi yao kuelekea kusini: Tabora, Rukwa, bonde la Usangu, Kilombero. Walianza kuhama kabla ya HASHI, kwa sababu nyingi, ardhi kujaa ikiwa ya kwanza. Sisemi ngitili ziliwafukuza. Nasema ardhi iliyofungwa hubeba ng'ombe wale iliowapangia, na waliobaki nje ya mpango huenda mahali.

Wengine walifika Ihefu, katika ardhi oevu ya Usangu ambako Mto Ruaha Mkuu hupata maji yake ya kiangazi. Mwaka 2006 na 2007 serikali iliwaondoa wafugaji huko pamoja na mifugo yao, na eneo hilo likaja kuingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Pale hapakuwa na dagashida, wala siku ya kufungua. Ardhi ilifungwa moja kwa moja, na watu waliotoka kwenye mila ya kutunza malisho wakaitwa waharibifu wa mazingira.

Ukiziweka Shinyanga na Ihefu pamoja, unaona wafugaji walewale, ng'ombe walewale na serikali ileile. Kilichokosekana Usangu si elimu ya uhifadhi. Mfugaji mgeni hana kikao cha kukaa. Kwa hiyo anayetaka kupeleka mfano wa ngitili kwingine asianze na nyasi, aanze na orodha ya wanaoruhusiwa kuingia mkutanoni, akiwamo aliyefika juzi na mifugo.

Tarehe mbili

Hata ndani ya Shinyanga, mahali pa kuutafuta uwiano kati ya mahitaji ya watu na afya ya ardhi ni padogo kuliko sera zinavyotuaminisha. Ni kwenye tarehe ya kufungua. Nyasi za kuezekea hazina budi kukatwa zikiwa ndefu na kavu, kabla ng'ombe hawajaingia. Wakishaingia, kilichobaki ni mabaki yaliyokanyagwa. Kuni kavu huokotwa vizuri wakati huohuo. Tarehe ikipangwa na wenye mifugo peke yao, itapangwa kwa kuangalia mabua yameisha lini na maksai wana hali gani, na mjane asiye na ng'ombe atakuta paa lake limeliwa. Hakuna mtu aliyemdhulumu kwa makusudi. Hakuwa kwenye kikao tu.

Ningependa sheria ndogo ya kila kijiji chenye ngitili ya pamoja iandike tarehe mbili: ya kwanza ya wakata nyasi na waokota kuni, wawe na mifugo au wasiwe nayo, na ya pili ya ng'ombe. Katikati ziachwe wiki mbili au tatu, kwa kadiri mvua ya mwaka huo ilivyokuwa, na wajumbe wanawake wa halmashauri ndio watangaze ile ya kwanza.